Bwana Kipimajoto na Ukuta Wake wa Vioo

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Mamlaka yetu ya Maji, Mhandisi Mkuu wa Majengo anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Hafla ya kumuaga itafanyika siku hiyo hiyo saa tisa alasiri, ukumbi wa chini, upande wa magharibi, mbele ya swichibodi ya simu. Wafanyakazi wa zamani mkisoma mstari huo mtadhani mpiga chapa amekosea. Hajakosea. Ni saa tisa, ni upande wa magharibi, na hakuna mtu atakayetolewa amebebwa.

Ofisi ya Utumishi imenipa mimi, mpokea simu wa jengo hili, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, wamesema, nina lugha ya heshima. Ni kweli ninayo, maana ndiyo ninayolipwa mshahara kwa ajili yake. Nimeambiwa niandike kwa uchangamfu, nisitaje lawama, na nisijiweke mwenyewe mbele. Nitajitahidi. Ila kuna mahali habari ya Mhandisi inapita juu ya meza yangu, na hapo mtanivumilia.

Alipoajiriwa alikuwa kijana mwembamba, suruali imenyooka kwa pasi, kwapani amebana michoro. Jengo hili lilikuwa bado msingi na nondo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchagua madirisha. Mtu mwingine angechagua madirisha. Yeye alichagua ukuta. Alipendekeza upande mzima wa magharibi, kuanzia sakafu ya chini hadi ghorofa ya nne, uwe vioo vitupu, ili mwananchi akipita barabarani aone Mamlaka inavyofanya kazi bila kuficha kitu. Wakubwa walipiga makofi. Vipimo vyote vilitolewa kwenye kitabu kizuri chenye picha za nchi za baridi, ambako jua likitoka watu huacha kazi wakaenda kulisalimia. Hakuna aliyeuliza jua la kwetu linakuwa na tabia gani likianza kushuka.

Tulilijua siku ya uzinduzi. Hotuba zilianza saa nane. Kufikia saa tisa mgeni rasmi alikuwa amefungua vifungo vitatu vya shati, na kwaya ilikuwa imeomba ruhusa ya kuimbia nje. Mhandisi alisimama nyuma ya ukumbi, kiganja amekibandika kwenye kioo chake kipya kama mzazi anayempima mtoto homa. Nilimwona akiondoa mkono haraka. Nadhani kazi yake ya kweli, ile iliyomchukua miaka yote iliyobaki, ilianza pale.

Kwa wale wasiojua, na sikuwa peke yangu katika ujinga huo, tatizo la kioo cha kawaida ni ukarimu wake. Mwanga wa jua unapita bila kubisha hodi. Ukishafika ndani unatua juu ya meza, juu ya faili, juu ya kichwa cha karani, unageuka joto, na ukishakuwa joto haupati tena njia ya kutokea. Huko kwenye nchi za baridi, hiyo ndiyo raha yake. Huku kwetu ni sawa na kujengewa jiko halafu ukapewa dawati humo ndani. Wananchi walisema kwamba Mamlaka ya Maji inatoa maji mengi zaidi migongoni mwa wafanyakazi wake kuliko mabombani. Mimi ndiye niliyekuwa napokea simu hizo, na kwa lugha ya heshima niliwashukuru kwa maoni yao.

Kutokana na ukuta huo tulizaa desturi ambayo sijaisikia katika ofisi nyingine yoyote, nayo ni Kuhama. Kila mfanyakazi wa jengo hili alikuwa na meza mbili: ya asubuhi, magharibi, kwenye mwanga mzuri na mandhari ya barabara, na ya mchana, mashariki, kwenye madirisha madogo yanayotazama stoo ya mabomba. Ikifika saa sita na nusu, bila kengele wala tangazo, jengo zima liliinuka. Watu walibeba faili, mihuri, viti, vikombe, mashine za kuhesabia, na mmoja wa idara ya mita alibeba chungu chenye ua. Mgeni aliyeacha ombi lake kwa ofisa asubuhi, akarudi baada ya chakula, alikuta chumba kitupu kama watu wamekimbia deni. Maofisa wawili waliofahamiana wakibeba pamoja kabati la ramani leo ni mume na mke, na kabati lile hawajalisahau, maana picha yao ya harusi wamepiga wameliegemea.

Waliohama ni wote isipokuwa mmoja. Swichibodi ilikuwa imefungwa sakafuni, nyaya zake zote zinapanda kutoka chini ya ukuta wa vioo, kwa kuwa michoro ilitaka mgeni akiingia akute simu na tabasamu vinang'aa kwenye mwanga. Basi saa sita na nusu msafara ulipita mbele yangu, kila mtu akiniaga kwa huruma, nami nikabaki na jua. Mama wa chai, ambaye hana mkubwa wala mdogo kwa maneno, alizoea kusimama mbele yangu na birika akauliza, "Leo nikuletee chai, au nikuweke tu majani mdomoni, maji unayo?"

Mwaka nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa pili, nilizimia. Nilikuwa namsikiliza mteja aliyelalamika kuwa bomba limepasuka mbele ya nyumba yake, nikamwambia, "Subiri kidogo baba," kisha nikateleza chini na kipokeo cha simu mkononi. Mama wa chai ndiye aliyenimwagia maji. Mhandisi ndiye aliyefika wa pili, amekimbia ngazi zote nne, na akanibeba mpaka upande wa mashariki. Yule mteja, Mungu ambariki, alipiga tena simu jioni. Hakuulizia bomba, aliuliza kama yule dada yuko hai.

Mtoto alizaliwa salama, na leo ni mrefu kunishinda. Lakini siku niliporudi kazini Mhandisi alikuja akasimama mbele ya swichibodi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Dada," aliniambia, "ukuta huu niliuleta mimi. Sitoki kwenye jengo hili mpaka siku utakapokaa hapa saa tisa bila jasho." Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nikamjibu kwamba siku hiyo ikifika nitakuja kazini na sweta. Jioni ile ile nilimwomba mkewe, ambaye ni mshonaji, anifumie moja, la bluu, la mikono mirefu. Nililiweka kwenye droo ya swichibodi ili kila akipita alione. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumsumbua kwa adabu.

Tangu hapo Mhandisi aliuvalia njuga ukuta wake. Alinunua kipimajoto, akakifunga kamba na kukining'iniza shingoni, akawa anazunguka nacho vyumbani akikipachika huku na kule na kukitazama kwa jicho moja. Ndipo mama wa chai alipombatiza Bwana Kipimajoto, na jina likamganda hata kwenye mialiko ya harusi.

Jaribio la kwanza lilikuwa mapazia. Mkewe aliyashona kwa kitambaa kizito chekundu, kazi ya mwezi mzima, na ukumbi ukawa unafanana na jumba la sinema. Joto halikupungua hata kidogo. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyetueleza kwa nini: pazia liko ndani, na jua likilifikia limeshaingia, ni kumfungia mlango mgeni aliyekwisha kuketi sebuleni na kuvua viatu. Pazia lilikunywa joto likawa pasi. Mkewe alikuja kuyachukua mapazia yake, na kwa miaka kadhaa watoto wao walivaa sare za michezo nyekundu.

Jaribio la pili lilikuwa karatasi nyeusi ya plastiki, iliyobandikwa upande wa ndani wa vioo. Tulikaa gizani tukawasha taa mchana. Wiki ya tatu, wakati wa kikao cha bajeti, kioo kimoja kilipasuka kwa mlio uliomfanya askari wa getini alale kifudifudi. Kabla hajainuka kikapasuka cha pili. Kumbe karatasi ile ilikuwa inalibana joto ndani ya kioo chenyewe. Katikati kinachemka, pembeni ambako kimejificha kwenye fremu kimebaki baridi, kinavutana na nafsi yake mpaka kinaachia. Mhandisi aliieleza sababu hiyo kwenye kikao kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Wajumbe, waliokuwa bado chini ya meza, hawakuifurahia kwa kiwango hicho.

La tatu lilikuwa chokaa, na hapa lazima niwe mkweli: chokaa ilifanya kazi. Alipaka vioo vyote kwa nje, jua likarudishwa lilikotoka, na kwa majuma mawili nilikaa kwenye swichibodi kama binadamu. Mkurugenzi ndiye hakuvumilia. Alisema jengo limefanana na mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, chokaa yote ikashuka juu ya magari ya wageni waliokuja kutukagua, na Mhandisi akaonekana akiosha gari moja baada ya jingine, shati limelowa, akiendelea kuwafafanulia madereva kwamba kimsingi alikuwa sahihi.

Watu wengi wangekata tamaa hapo. Yeye alisoma. Akatuletea habari ya dirisha la vioo viwili vilivyobanwa pamoja, katikati yake hewa iliyofungiwa, na kwenye uso mmoja wa ndani kumepakwa utando wa madini mwembamba usioonekana kwa macho. Utando ule unauacha mwanga upite na kulirudisha joto. Ila kuna sharti: katika nchi ya jua utando ukae kwenye kioo cha nje, ili joto lirudi kabla halijavuka. Ukikaa kwenye kioo cha ndani, ndicho kitakachopata moto, na ndicho kilicho jirani yako. Sharti hilo alilieleza kwetu sote, mara nyingi, hata kwa wasiouliza. Mimi nilikuwa naweza kulisema usingizini.

Mamlaka ilikubali kuagiza dirisha moja la majaribio. Kwa kuwa mambo mema huanzia juu, likawekwa ofisini kwa Mkurugenzi, ghorofa ya nne, nyuma ya kiti chake. Mhandisi alisimamia kila msumari. Mchana ule Mkurugenzi aliweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa, akakipuliza. "Moto," alisema. "Moto kama ule ule wa zamani." Kwenye kikao cha Jumatatu akatangaza, na ikaandikwa, kwamba kioo kile hakina tofauti yoyote na kioo cha kawaida. Mradi ukafungwa.

Sijawahi kumwona Mhandisi amenyong'onyea kama miaka iliyofuata. Kipimajoto kilibaki shingoni lakini alikuwa hakitazami. Akipita mbele ya swichibodi aliongeza mwendo. Kuna siku nililificha lile sweta chini ya vitabu vya simu, kwa sababu mzaha ulikuwa umeanza kuuma. Alikuwa amebakiza miaka mitano kustaafu, na wote tulishaamini kwamba vioo vya kisasa ni hadithi za wauzaji.

Kisha ikaja ile alasiri ya mvua. Wingu lilifunga, umeme ukakatika, jengo likawa giza saa kumi kana kwamba ni magharibi. Mhandisi alikuwa ameitwa ofisini kwa Mkurugenzi kuhusu paa linalovuja. Mama wa chai akaingia na birika mkono mmoja na mshumaa mkono mwingine, akauweka mshumaa kwenye ukingo wa dirisha ili aone vikombe. Dirisha lile lina vioo viwili, kila kioo kina nyuso mbili, kwa hiyo mwali mmoja ulionekana minne, imepangana foleni. Mitatu ilikuwa ya manjano. Mmoja, ule unaotoka kwenye utando, ulikuwa na rangi ya zambarau. Ulipaswa kuwa upande wa nje. Ulikuwa upande wa ndani.

Mama wa chai anasimulia kwamba Mhandisi aliacha sentensi yake katikati, akaenda akapiga magoti mbele ya mshumaa, akausogeza kushoto na kulia, kisha akakaa sakafuni. Mkurugenzi alifikiri ni shinikizo la damu. "Lete maji," aliamuru. Mama wa chai akamjibu, "Huyu hataki maji bosi, huyu ameona kitu." Dirisha lilikuwa limewekwa kinyume. Yule mtu aliyetufundisha sote sharti la utando, aliyesimama pale na mafundi kuanzia asubuhi, aliyekagua msumari na mpira na fremu, alikuwa amelisimamia likiwekwa nyuma mbele.

Sasa nataka msomaji mpya wa jarida hili afikirie nafasi aliyokuwa nayo. Hakuna aliyejua. Mama wa chai aliona mwali wa zambarau akadhani ni urembo. Mkurugenzi aliona mfanyakazi mwenye presha. Lawama zote zilikuwa zimeshabebwa na kiwanda kilicho mbali. Mhandisi angeweza kunyamaza, akahesabu miaka yake mitano, akaagwa kwa keki na sifa. Badala yake Jumatatu alisimama kwenye kikao, mbele ya wale wale waliowahi kulala chini ya meza kwa sababu yake, akasema maneno ambayo yapo kwenye kumbukumbu: "Kioo hakina kosa. Kosa ni langu. Nilikiweka kinyume, na kwa sababu hiyo watu wamekaa kwenye joto miaka mitatu bila sababu."

Nilikuwa nimepeleka ujumbe wa simu chumbani humo, na nilibaki mlangoni. Halafu Mkurugenzi, ambaye tunamsema mengi lakini hili tumpe, akacheka. "Kwa hiyo miaka yote hii mimi nimekigeuzia mgongo," alisema, "kumbe nacho kimenigeuzia mgongo!" Wakalifungua dirisha, wakaligeuza. Saa tisa ya siku iliyofuata Mkurugenzi aliweka kiganja, akakiacha pale. Akakiacha muda mrefu. Mradi ukafunguliwa upya, safari hii kwa jengo lote, pamoja na mabapa ya vivuli yaliyosimamishwa nje ya vioo ili jua la kushuka likutane nayo kwanza. Nilirudi chini nikajifungia chooni nikalia, na sijui mpaka leo kama nililia kwa ajili ya joto langu au kwa ajili yake.

Mnisamehe, niliambiwa niwe mchangamfu. Turudi kwenye mafanikio.

Mafanikio yalianza ghorofa ya nne na kushuka taratibu, kwa kufuata vyeo. Kadiri vioo vilivyobadilishwa ndivyo Kuhama kulivyokufa, na hapo Mhandisi akagundua kwamba alikuwa ameharibu starehe ya watu. Msafara wa saa sita na nusu ulikuwa na faida zake: ulikula nusu saa ya kazi kabla ya chakula na nusu saa baada yake, ulipoteza faili zilizostahili kupotea, na uliwapa watu wa idara ya mita nafasi ya kuongea na watu wa idara ya mikataba. Sasa mtu anakaa meza moja kutwa nzima na mkuu wake anamwona. Malalamiko yakaanza. Wapo waliosema mwanga umekuwa wa bluu. Wapo waliosema ubaridi unawaletea mafua. Yule wa chungu cha ua alidai ua limesinyaa kwa kukosa safari. Mtu aliyelaumiwa miaka ishirini kwa joto akaanza kulaumiwa kwa kuliondoa, na kwa kuwa alishazoea, aliyaitikia yote kwa upole uleule.

Mwanzoni mwa mwaka huu ikabaki sakafu ya chini. Mafundi walisogea kutoka mlangoni kuelekea swichibodi, kioo kwa kioo, nami nikalitoa sweta chini ya vitabu vya simu. Kisha, mwezi mmoja kabla ya yeye kustaafu, shehena ya mwisho ikafika imepungua dirisha moja. Mliokisia mmepatia. Lililopungua ni la nyuma ya kiti changu, na kiwanda kikajibu kwamba jingine litachukua miezi minne.

Nilimwambia yaishe. Nilimwambia kwa moyo mmoja, kaka, umefanya ya kutosha, miezi minne mimi nitaisubiri nimekaa. Yeye alipanda ghorofa ya nne. Kilichofuata nimekipata kwa mama wa chai, ambaye kwa bahati alikuwa anapanguza mlango ule ule kwa muda mrefu. Vioo vyote vya ukuta ule vina kipimo kimoja. Mhandisi alimkumbusha Mkurugenzi kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao ambazo hazijawahi kufutwa, dirisha lililo nyuma ya kiti chake halina tofauti yoyote na kioo cha kawaida. Kwa hiyo aliomba aliazime kwa miezi minne, na mahali pake aweke kioo cha kawaida. Mkurugenzi alitazama dirisha, akamtazama Mhandisi. "Wewe mtu," alisema, "unastaafu lini vile?"

Dirisha liliteremshwa Alhamisi iliyopita. Mhandisi alisimama na mafundi, na safari hii alikuja na mshumaa. Aliuwasha mara tatu, akahesabu miali kwa kidole, akamwita mama wa chai naye ahesabu, akaniita mimi, akamwita askari wa getini. Wote tulikubaliana kwamba wa zambarau uko upande wa nje. Ndipo akaruhusu misumari.

Kuhusu maisha yake baada ya hapa, ametueleza mipango. Nyumba yake, kwa wasiofika, ina madirisha madogo kuliko yote mtaani na baraza pana kuzunguka pande zote. Mkewe hupenda kusema, "Ofisini kawapelekea ukuta wa vioo, sisi nyumbani katuachia matundu ya kupumulia." Uani pamepangwa vioo vya zamani alivyoomba avichukue, vile vile vilivyotupika miaka thelathini. Anavitengenezea masanduku ya kukaushia nyanya na mboga, na sanduku la kwanza limekausha nyanya kwa siku mbili. Mkewe ana wateja tayari. Kwa mara ya kwanza vioo vile vimepewa kazi vinayoiweza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na waliohamia ofisi nyingine wakidhani kila ofisi ina meza mbili, tunakushukuru, Mhandisi. Tunamshukuru mkeo kwa mapazia, na kwa sare za watoto. Tunakuombea afya, baraza lenye upepo, na mtu wa kubishana naye kuhusu joto kila alasiri. Mkurugenzi pia anakutakia mema. Angeyasema mwenyewe kwa kirefu, lakini siku hizi ikifika saa nane hakai ofisini kwake. Hubeba faili zake na kikombe chake, hushuka ngazi zote nne, na huketi kwenye benchi la wageni kando ya swichibodi mpaka jua lizame. Ni mtu wa mwisho katika jengo hili anayehama.

Nami Ijumaa iliyopita nilikaa kwenye kiti changu, peke yangu, nikatazama saa ya ukutani mpaka ikafika tisa. Mhandisi alikuja akabandika kiganja kwenye kioo nyuma yangu. Hakukiondoa. Tulikaa hivyo, simu zikilia, na sikuzipokea.

Kwa hiyo siku ya hafla mkinikuta mbele ya swichibodi, mchana kweupe, nimevaa sweta la bluu la mikono mirefu, msiniulize kama naumwa. Na wewe Mhandisi, kaka yangu, ukiona natokwa jasho, usihangaike kupima kioo. Jasho hilo litakuwa la sweta.